Yah: Pongezi kwa Kuwapumzisha Wazee Kazi ya Kuchagua

Mheshimiwa Msimamizi wa Ratiba ya Chakula,
Makazi ya Wazee.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wa Handeni na Korogwe, ambao wazee wetu wasio na wa kuwatunza huishia mikononi mwako, tunakupongeza. Umegundua kwamba mtu akitimiza miaka 60, ulimi nao unastaafu. Jumatatu ni ugali na maharage. Jumanne, ili wasichoke, ni maharage na ugali.

Yupo bibi wa Kabuku aliyekulia bada kwa mchunga wa nazi. Ule uchungu ndio utamu wake. Akiuulizia, anajibiwa kuwa mboga hiyo haimo kwenye bajeti. Kweli haimo: imejiotea bure kando ya uzio, na kila Ijumaa inafyekwa ili mazingira yapendeze. Basi bibi, ambaye meno hana, anameza maharage kama vidonge.

Babu wa Ngombezi ni Mbena. Aliletwa na Silabu, ofisi iliyokuwa ikiajiri vibarua wa mashamba, kukata mkonge; mkataba ukaisha, kwao hakurudi. Ulanzi, pombe ya kwao, keshakata tamaa nao. Korogwe autoe wapi? Anachoomba ni chai ya rangi isiyo na sukari, sukari yenyewe daktari kamkataza. Lakini kwako sukari humwagwa sufuriani, wote sawa. Usawa wa namna hiyo hata Azimio la Arusha halikuufikia.

Ikifika tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wageni huja na pilau, soda na kamera. Babu hukabidhiwa soda, hupigwa picha, huambiwa atabasamu. Soda ikishapigwa picha haina kazi tena, isipokuwa kupandisha sukari ya babu.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zinazosema mzee, hata akiwa kwenye makazi, ana haki ya kuamua kuhusu matunzo na maisha yake. Bila shaka walioziandika hawajaiona sufuria yako.

Hatuombi hoteli, Mheshimiwa. Fedha ni chache, tunajua. Lakini mzee akipokelewa huulizwa jina, kabila, dini na ndugu wa kuitwa akifa. Ongeza swali moja: unakula nini? Sukari ikae pembeni na kijiko chake. Na mwenye fyekeo aambiwe mchunga ni mboga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzee Mtarajiwa,
Korogwe.

Nakala: Mpishi (aisome kabla hajabandika maharage).