Jeli ya Macho na Vumbi la Salfa

Jeli ya kupoza macho ni maji yaliyofanywa mazito, yakatiwa gliserini na aghalabu kafeini, kisha yakauzwa kwa bei isiyo ya maji. Hupakwa chini ya jicho, penye ngozi nyembamba mno. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ubaridi hubana mishipa midogo ya damu, na uvimbe hupungua kwa muda. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kanuni hiyohiyo ya kukauka, ila haujapata kopo la kuvutia.

Huko Marambo, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa, macho ya kuvimba yana msimu. Kuanzia Juni mikorosho huchipua na kuchanua, na ugonjwa wa ubwiri unga huja kula maua. Dawa yake ya miaka mingi ni salfa ya unga, inayopulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo haujaamka. Mkulima basi humtangulia jogoo, na sehemu ya unga uliokusudiwa mti hutua machoni mwake.

Ushauri unaofuatana na jeli hutaka usingizi wa saa nane, friji, na ngozi isiyowasha. Sharti la kwanza huvunjwa na mkorosho, la tatu na salfa. La pili huachwa kwa wenye friji. Salfa ikiingia jichoni, kinachofaa ni kuosha kwa maji safi mengi, na kabla ya hapo, miwani ya kujikinga. Miwani hiyo haina kafeini, ndiyo maana haitangazwi.