Bure Yenye Mdomo

Al Jazeera, DW, France 24 na NHK World-Japan hurushwa mubashara kwenye intaneti, bure kabisa. Bure kwa mtazamaji, maana bili ya DW hulipwa na mlipakodi wa Ujerumani, na ya Al Jazeera hulipwa na dola ya Qatar. Walipaji hao hawajui kwamba wanamstarehesha bwana mmoja wa Buguruni.

Kwa kutazama NHK, bwana huyo sasa ni mtaalamu wa sumo, mieleka ya Kijapani. Anajua mashindano makuu ni 6 kwa mwaka, siku 15 kila mara, na nani kasukumwa nje ya duara. Diwani wake hamjui hata kwa sura.

Hiyo bure nayo ina mdomo: saa moja ya picha ang'avu yaweza kumeza GB 2 za bando.

Akitaka mpira, kioo humjibu kuwa chaneli haipatikani nchini mwake, kwani haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi. BBC iPlayer ni ya walioko Uingereza, tena wenye leseni ya televisheni. Basi huwasha VPN, simu ikajifanya iko Manchester, huku umeme wa Luku umekatika na mwenye nyumba anagonga mlango.