Mwenyeji Aliyewakimbia Wageni

Kwa jinsi Wahindu wanavyosimulia, Shiva hakutaka wageni. Pandava, wale ndugu watano wa Mahabharata, walikuwa wametoka kwenye vita vya Kurukshetra wakiwa washindi, lakini mikono yao ilikuwa na damu ya jamaa zao wenyewe, wakataka awasamehe. Yeye alipowaona wanakuja, akaondoka. Wakamfuata hadi milimani. Akajigeuza fahali, akajichanganya na ng'ombe wengine. Walipomtambua, akazama ardhini. Bhima, mwenye nguvu kuliko nduguze, akawahi kushika nundu. Nundu hiyo ndiyo iliyobaki, jiwe lenye umbo la pembetatu, na hapo ndipo liliposimama hekalu la Kedarnath, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, kwenye Himalaya ya India, mahali ambapo gari halifiki. Viungo vingine vinasemekana vilichomoza kwenye mahekalu mengine manne ya milima ileile.

Naeleza haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yote yaliyotupata katika kuipanga safari hii ni uzembe wa watu. Mwenyeji mwenyewe alishatoa msimamo wake tangu zamani.

Anayekwenda ni Ba. Ndivyo wajukuu wake wanavyomwita, na ndivyo jengo letu zima hapa Kisutu linavyomwita, kuanzia mlinzi hadi kijana wa kuleta maji. Ni mwenye nyumba wangu. Amezaliwa Tanga, na Kiswahili chake cha huko kinanifanya mimi wa Marangu nijione nilijifunzia ukubwani. Magoti yake ni mazee kuliko yeye mwenyewe. Wanawe wako Leicester na Toronto. Kila mmoja ana kazi, ana mkopo wa nyumba na ana maoni. Mimi pia nina maoni, ila naishi ghorofa moja juu yake, kwa hiyo kazi nikapewa mimi.

"Wewe Mchaga," alisema siku aliyoniteua. "Mlima ni kwenu."

Nikamweleza kwamba kuzaliwa chini ya Kilimanjaro ni jambo moja na kuupanda ni jingine. Sisi mlima tunautazama asubuhi tujue kama mvua itanyesha. Wanaoupanda ni Wajerumani.

"Basi utashika hesabu. Na kuhusu kodi ya pango, tutaongea."

Mimi ni mhasibu. Sentensi ya namna hiyo hainipiti.

Tulianza na kalenda, tukidhani ndiyo sehemu nyepesi. Hekalu hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hufungwa siku ya Bhai Dooj, mara baada ya Diwali, kabla theluji haijaziba njia. Miezi ya baridi mungu hushushwa kwa maandamano hadi Ukhimath, akaabudiwa huko. Niliposoma hilo nikaona nimepata jibu la magoti.

"Ba, kumbe huwa anashuka! Ukhimath gari linafika."

Akanitazama juu ya miwani. "Sisi tunakwenda kwake, hatuendi alikopanga."

Likitoka kwa mwenye nyumba, neno hilo halijibiwi.

Tarehe yenyewe ya kufungua haijulikani mapema. Makuhani huitangaza siku ya Maha Shivaratri, Februari au Machi, baada ya kupiga hesabu za kalenda yao ya mwezi, wakati mashirika ya ndege yanataka uwe umeamua tangu mwaka uliopita. Mei na Juni watu ni wengi mno. Julai na Agosti ndipo mvua kubwa za India zinaposhusha milima barabarani. Septemba ingefaa, lakini Ba hawezi kukosa Navaratri ya Dar es Salaam, maana yeye ndiye anayejua nani alicheza garba vibaya mwaka jana. Oktoba kuna harusi Leicester. Tukabaki na vipande vya siku huku na huku, nikavipaka rangi ya kijani kwenye Eksel, na kila nikimpelekea Ba anakumbuka mfungo mwingine.

Kuna Juni moja ambayo hatuifanyii mzaha. Mwaka 2013 maji ya mvua na ya ziwa la Chorabari, lililokuwa juu ya hekalu, yalishuka kwa pamoja na kuufagia mji mdogo wa Kedarnath na vijiji vya chini yake. Walikufa maelfu. Hekalu lilibaki limesimama. Nyuma yake lilikuwa limesita jiwe kubwa mno, likayagawa maji pande mbili. Picha ya jiwe hilo Ba anayo ukutani, karibu na ya marehemu mumewe. Baada ya msiba ule serikali ikaanza kusajili kila hujaji, na siku hizi huvuki bila usajili.

Fomu, basi. Ya viza ya India huuliza mengi, likiwemo hili: una alama gani ya mwilini ya kukutambulisha?

"Andika kovu la mafuta ya bhajia," alisema Ba, akinyoosha mkono wa kulia. "Na wewe?"

Sina kovu. Nimeishi kwa tahadhari.

"Andika kitambi."

Picha nayo ilitakiwa iwe mraba kamili, na mpiga picha wa mtaani kwetu hana imani na mraba. Alitupa mstatili, tukarudi, akatupa mstatili mfupi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano tuliitafuta nyumba nzima hadi chini ya godoro. Ilikuwa ndani ya Bhagavad Gita, inashika ukurasa. Kisha fomu ikaniuliza dini. Nikaandika ukweli, Mkristo, nikaona ni haki nimwarifu na mchungaji wangu wa Kilutheri. Aliuliza swali moja tu: je, nitapiga magoti? Nikamjibu kwamba katika mita 3,583 upo uwezekano mkubwa, ila itakuwa ni kwa sababu ya hewa. Tukakubaliana nimsindikize Ba hadi kwenye ngazi.

Huku nyuma habari ilikuwa imeenea jengoni kwamba njiani tutapita Devprayag, ambapo mito ya Bhagirathi na Alaknanda inakutana na kuanza kuitwa Ganga. Maagizo ya maji matakatifu yakamiminika. Ghorofa ya pili lita moja. Duka la viungo la chini lita tano, maana wao ni familia ya pamoja. Mlinzi, ambaye ni Mwislamu wa Kilwa, naye akaomba kachupa, akasema maji mazuri hayana ubishi. Ba aliwakubalia wote. Sikuwa na moyo wa kutaja kwamba baada ya Devprayag bado kuna Rudraprayag, na Guptkashi, na Sonprayag, kisha jipu za kuwapandisha mahujaji hadi Gaurikund, na kwamba Gaurikund ndipo barabara inapokufa.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe unapoanzia, kwa sababu kutoka Gaurikund kwenda juu kuna namna kadhaa. Unaweza kutembea. Unaweza kupanda farasi mdogo au nyumbu. Unaweza kuketi kwenye kikapu kiitwacho kandi, ukabebwa mgongoni na mwanamume mmoja ambaye hajakukosea lolote. Unaweza kubebwa na wanaume wanne kwa machela ya kukalia. Au unakwepa njia yote kwa helikopta.

Leicester alitaka helikopta. Aliandika hivyo kwenye grupu la WhatsApp la familia kwa herufi kubwa. Toronto alitaka tusubiri, akatuma habari yenyewe: Machi 2025 baraza la mawaziri la India liliidhinisha mradi wa vibanda vya kuning'inia kwenye waya, kilomita 12.9 kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, kupanda dakika 36 tu. "Mama, subiri waya," aliandika.

Ba huandika taratibu, kwa kidole cha shahada. Grupu zima lilikaa likitazama kwamba anaandika.

"Wakishamaliza," likaja jibu, "mimi nitakuwa nimeshafika kwake kwa njia nyingine."

Toronto hakusikika hadi wiki iliyofuata.

Tukabaki na helikopta. Tiketi zake huisha haraka mno zinapofunguliwa, na tovuti moja yenye picha nzuri sana ya hekalu ilikuwa tayari kutuokoa, mradi tu tutume nusu ya nauli kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ba akasema tapeli wa Kariakoo angalau unaiona sura yake. Halafu nikasoma masharti ya zile za kweli: abiria anayezidi kilo 80 hulipia ziada kwa kila kilo. Ba akafunga mjadala wa mapishi aliokuwa nao kwenye simu, akanishusha hadi duka la viungo, nikasimamishwa juu ya mzani wa magunia mbele ya wateja. Mwenye duka aliandika namba kwenye boksi la majani ya chai na kuipigia mstari. Namba hiyo haihusiani na makala haya.

Nilidhani ni gharama iliyoiua helikopta. Sivyo. Leicester alishakubali kulipa, hata kilo zangu. Ba ndiye aliyekataa, na hapo nikaanza kuelewa kwa nini kazi yangu haikuwa ikisonga. Mimi nilikuwa napunguza taabu, yeye akiirudisha. Nikimtafutia hoteli yenye maji ya moto, anauliza wengine watalala wapi. Nikipata gari lenye viti vipana, anauliza kama basi halipo. "Pandava walimfuata kwa miguu," alisema. "Nikishuka kwa helikopta nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa na haraka?"

Tukarudi kwenye miguu. Kilomita ngapi? Jamaa yake wa Tanga aliyekwenda zamani anaapa ni 14. Na alikuwa sahihi kwa wakati wake: njia ile ilipita Rambara, na Rambara ilikwenda na maji mwaka 2013, njia mpya ikahamia ng'ambo ya mto Mandakini na kuwa ndefu zaidi. Sasa wengi husema 16, na wapo wanaosema 18. Nikaandika 16.

Ba hahesabu kwa kilomita. Anahesabu kwa mala, ule uzi wake wa shanga 108: hatua moja, shanga moja, na uzi ukiisha anapumzika. Alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo, kwa kuwa lifti yetu ni pambo, na wapangaji wakazoea kumkuta amesimama kati ya ghorofa, macho kafumba, wakipita ubavuni na ndoo. Nikakaa na kikokotoo. Hatua yake nikaikadiria sentimita 40. Kilomita 16 zikatoka mala 370.

"Kumbe kidogo," akasema.

Nikamwonyesha safu ya pili: akipumzika dakika tano kila mala, mapumziko peke yake ni zaidi ya saa 30, hatujaanza kutembea.

"Tutalala njiani. Zamani walikuwa wanalala njiani."

Ili apate mlima halisi, nikampeleka kwetu Marangu. Kituo cha Horombo, kwenye Kilimanjaro, kiko mita 3,720, juu kuliko hekalu lenyewe, na sikuweza kujizuia kumwambia kwamba mungu angechagua Horombo tungekwenda kwa basi la Moshi. Akasema penye geti na risiti hakuna wa kujificha. Tulilenga Mandara tu, mita 2,720, kwenda na kurudi siku moja.

Lakini kwanza kulikuwa na mama yangu. Nilishamwambia kwa simu kwamba mgeni hali nyama wala mayai. Alipika mtori bila nyama kwa uso wa mtu anayeandaa mazishi, akanivuta pembeni: "Ni mgonjwa?" Ba naye alikuwa amekuja na thepla za kulisha kijiji, chevdo na achari ya embe, akaukuta mtori, akaumiminia achari. Mama akaonja. Baada ya hapo sikuwa na nafasi kwenye mazungumzo. Waliketi kibarazani hadi usiku wakijadili watoto walioko mbali, bei ya ndizi, na mimi, kwa sauti ambayo nilikuwa naisikia vizuri.

Mandara hatukuiona. Ba alikwenda mala kwa mala msituni, na kila kituo alifungua mfuko akawapa thepla wapagazi waliokuwa wakishuka. Habari ikatutangulia, wengine nadhani walipunguza mwendo makusudi. Saa nane mchana kiongozi wetu akatazama saa, akatugeuza kwa adabu. Ba hakulalamika. Alisema amepata kipimo, na kwamba magoti yanauma ile inayotakiwa.

Nikatuma ripoti kwa wanawe. Majadiliano yalikuwa makali, kisha Leicester akaja na sharti la mwisho: mama atembee akipenda, lakini farasi awepo, akodiwe kuanzia Gaurikund na afuate nyuma mpaka juu, la sivyo yeye hatoi hata senti. Nilijua Ba atakataa. Akakubali palepale. Leicester akatuma maua, Toronto akatuma mikono iliyokunjwa, na mimi nikafungua Eksel kuingiza farasi.

"Weka na tandiko pana," alisema Ba kutoka jikoni.

Nikamuuliza pana la nini, na yeye ni mwembamba vile.

"Mimi natembea. Farasi ni wako." Akazima jiko, akaja hadi mlangoni akijifuta mikono. "Hebu waulize, na wao hutoza ziada baada ya kilo 80? Maana hiyo itaingia kwenye kodi yako."