Sifa za Gita Bovu

Wanaoyasifu magita mazuri ni wengi na sina ugomvi nao. Hili la bendi yetu, jekundu, lililobanduka rangi pale kiwiko kinapokaa, limetumika kwenye harusi, kipaimara na mahafali yote ya Temeke bila kusemewa neno jema hata moja. Kwa kuwa mpigaji wake ni mimi, na kwa kuwa kamati ya bendi imeanza kulijadili kwa sauti ya chini, naomba nilisemee.

Kwa umbo ni nakala ya Stratocaster, gita alilolitoa Leo Fender huko California mwaka 1954. Fender alikuwa fundi redio, na gita hakujua kulipiga. Nawakumbusha hilo wajumbe wanaopenda kusema kwamba bendi yetu imepungukiwa ujuzi. Aliyeiunda nakala hii hakuandika jina lake popote, si kichwani, si mgongoni, na nadhani alikuwa na sababu.

Nianze na sauti yake, maana lenyewe huanza kutoa sauti kabla halijapigwa. Ukichomeka waya tu, linavuma. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko kwa maelfu, na kazi ya koili hizo ni kunasa mtikisiko wa chuma. Lakini koili haichagui. Inanasa uzi, inanasa taa ya ukumbi, inanasa feni na chaja ya simu ya mpiga kinanda. Umeme wa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Kwa hiyo gita hili lingekuwa Chicago lingevuma kwa 60. Lilipofika Temeke lilivuma kwa 50 siku hiyohiyo, bila kibali cha ukaazi wala mkalimani. Mcheza kwao hutunzwa, na sijui kwa nini hili linaambiwa lizimwe.

Dawa ya mvumo ipo, lazima niseme ukweli. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, aliziweka koili mbili pamoja kwa namna ambayo mvumo wa hii unafuta mvumo wa ile, sauti ya nyuzi ikabaki. Ni kazi ya akili sana. Ila tangu siku hiyo mwenye gita la namna hiyo akikosea, ukumbi mzima unasikia kosa likiwa safi, halina kitu cha kujifunika. Hilo Lover hakulifikiria.

Tuje kwenye tuni, ambako ndiko ukarimu wa gita letu ulipo. Magita ya watu wengine yana noti zilezile kumi na mbili, basi. La kwetu linakupa hizo na zilizo katikati yake. Mambo yako hivi: kwa vipimo vya Fender, uzi una milimita 648 kutoka kipande cha mfupa kilicho kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja. Freti ya 12 hukaa nusu ya njia, na ukibonyeza hapo unapaswa kupata noti ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Lakini kubonyeza uzi ni kuuvuta, na uzi ukivutwa hupanda. Ndiyo maana kila uzi huwekewa darajani kitako chake kidogo chenye skrubu, ukirudishe nyuma kiasi hadi noti ikae. Vitako ni sita. Vyetu, viwili vimeganda kwa kutu. Hewa ya pwani ina chumvi na jasho la mpigaji lina chumvi, na chuma hakiwezi kushindana na vyote viwili. Basi uzi mnene ukiwa mtupu uko sawasawa, ukipanda nao shingoni unaanza kuchelewa kuacha kupanda, na ukifika juu kabisa umekwisha vuka mpaka.

Huku chini nako hakukosi neema. Vijia vya nyuzi kwenye ule mfupa wa kichwani vilichimbwa kina kifupi, kwa hiyo kwenye freti ya kwanza unabonyeza kwa nguvu na noti inaruka juu. Kodi ya E, yenye nyuzi nyingi zisizobonyezwa, inatoka tamu. Kodi ya F, jirani yake wa mlango kwa mlango, inasikika kama ndugu waliokwisha gawana urithi. Mwimbaji wetu amezoea. Hutafuta sauti yake mahali fulani katikati, na wageni husema ana mtindo.

Na mtindo si jambo la kudharau. Wapigaji wa Kongo waliutoa uzi wa nne, wakaweka mahali pake uzi mwembamba uliopandishwa oktava nzima, wakauita mpangilio huo mi-composé, na gita la tatu la bendi likapata nafasi yake kati ya solo na ridimu. Walikaa wakafikiri. Sisi uzi wa nne ulikatika siku ya harusi na duka la karibu lilikuwa na uzi namba moja tu. Tuliufunga. Haukufika oktava, maana funguo yake huteleza kila ikikazwa, lakini uliishia mahali ambapo nina hakika hakuna Mkongo aliyewahi kufika.

Shingo nayo imefundisha mengi. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 45 au zaidi, kutegemea unene wake, na ndani ya mbao kumefichwa fimbo ya chuma ya kupingana na mvuto huo. Ukiikaza kidogo kwa alenki, robo mzunguko tu, ukasubiri, shingo inanyooka. Ya kwetu mtu wa kabla yangu aliikaza kwa koleo mpaka pembe za tundu zikaisha, kwa hiyo sasa inanyooka inapotaka yenyewe. Nyuzi zimeinuka kiasi kwamba chini yake, kwenye freti ya 12, mpiga ngoma huhifadhi tiketi ya daladala. Wahenga waliosema mchagua jembe si mkulima wangefurahi kuviona vidole vyangu. Wanaopiga magita laini wana vidole vya makarani.

Kuna faida nyingine ambayo kamati imeisahau. Zamani bendi nyingi kubwa za Tanzania zilipiga vyombo vya mwajiri. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na katika bendi za namna hiyo mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake. Gita lilibaki na wenyewe. Gita letu pia ni la kikundi, na kitu cha kikundi mnajua kinavyokwenda: leo kaazima huyu, kesho yuko nacho shemeji yake Morogoro. Kipaza sauti tumekitafuta miezi. Stendi ya ngoma haijulikani iliko. Gita hili, tangu liharibike, halijaazimwa. Tumewahi kulisahau ukumbini usiku kucha, mlango wazi, na asubuhi lilikuwepo.

Lakini sifa yake kuu iko kwenye lile tundu la waya. Nati yake imelegea. Kila ukiikaza kwa vidole, tundu zima linazunguka na nyaya za ndani zinajisokota, mpaka lehemu ikaachia upande mmoja. Sasa sauti inategemea mpigaji amesimamaje. Kwenye ridimu, ambako nimesimama wima natikisa kichwa, inatoka vizuri. Ikifika zamu ya solo, bibi harusi anainuka na simu zote zinaelekezwa kwangu, nainama mbele kidogo, na sauti inakatika. Watu wanaguna kwa huruma. Mzee mmoja husema, “Kijana angepata chombo!” Mimi naupapasa waya kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa hadi solo ipite. Gita zima lisingenifanyia hivyo. Gita zima humwanika mtu mbele za watu, na sisi tumelelewa tukijua thamani ya sitara.

Sasa nasikia mweka hazina anapitisha daftari la mchango. Fundi ameshaitwa, tena si wa kubahatisha. Alilipindua gita, akachungulia, akasema ni kazi ya nusu siku: nyuzi mpya za namba zote, vijia vya mfupa vichongwe, vitako vilowekwe mafuta vizibuke, pembe mpya kwenye ile fimbo, lehemu kidogo tunduni. Bei aliyotaja haifiki hata ya keki ya harusi. Halafu, kwa mazoea yao mafundi, akachomeka waya, akakaa kwenye kreti ya soda, akalipiga vilevile lilivyo. Alivuta uzi mmoja kidogo hapa, akapunguza nguvu ya kidole pale, ile F akaikwepa akapita juu kwa kodi nyingine. Sauti haikukatika. Waliokuwa wakipanga viti walisimama kusikiliza. Kwa bahati njema hakuna mjumbe wa kamati aliyekuwepo, na ningependa habari hiyo ibaki hapa.

Ndugu wajumbe, fedha hizo zikitimia nunueni jenereta. Umeme ukikatika katikati ya harusi, gita letu linakosa hata cha kuvumisha.