Namna ya Kumtoa Jirani Kwenye Waifai Bila Kugombana Naye

Anza kwa kuhesabu. Geuza ruta, soma kibandiko cha chini, andika anwani iliyopo hapo kwenye simu yako (nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kwetu Sinza tuna simu nne na televisheni moja. Mwezi ule bando lilipokata tarehe 18, orodha ilionyesha vifaa 11. Kimoja kiliitwa "Simu ya Mama", na mama yangu yuko Korogwe.

Usiende kumgongea mtu mlango. Jirani hakuvunja chochote. Fundi aliyefunga ruta aliweka namba yangu ya simu kuwa neno la siri, akaliandika ukutani kwa makapeni, na kila mgeni akalisoma akisubiri chai.

Namba ya simu haisahauliki, ndiyo maana tunaipenda. Tena ina tarakimu kumi, na WPA2, kinga ya waifai, inadai herufi zisizopungua nane. (Ndiyo asili ya 12345678: mtu anahesabu mpaka nane, anatosheka.) Lakini mwizi wa kweli hakai mlangoni akijaribu funguo mojamoja. Ananasa zile salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapoungana, jambo la sekunde chache, kisha anarudi kwake kubahatisha kwa kompyuta usiku kucha, wala ruta yako haisikii kitu. Namba zetu za simu za mkononi huanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu nane, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inamaliza michanganyiko yote kabla maharage hayajaiva.

Kwa hiyo refusha. Nafasi ipo mpaka herufi 63. Okota maneno matano yasiyojuana, kama mbuzi, stendi, kijiko, rangi, jumanne, uyaunganishe. Haya niliyoyataja yaache, na methali usiiguse: kinachojulikana na wengi ndicho kinachojaribiwa kwanza.

Ukiwa humohumo ndani ya ukurasa wa ruta, zima WPS, njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika neno la siri la waifai. Ina namba ya siri ya tarakimu nane, lakini ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile saba, na ruta huzikagua kwa mafungu mawili. Mwenye kubahatisha anabakiwa na majaribio 11,000 tu. Stefan Viehböck aliyaweka haya wazi Desemba 2011, na mpaka leo naikuta imewashwa kwenye nyumba za watu. Ruta isiyojua zaidi ya WEP, kinga iliyovunjwa tangu 2001, itoe ukutani.

Halafu kuna mlango wa pili, na huu ndio unaoniuma. Ukurasa wa ruta wenyewe mara nyingi hufunguka kwa "admin" na "admin". Aliyeingia hapo anaweza kugeuza mipangilio ya DNS, ukaandika anwani ya benki yako ukapelekwa kwingine. Mafundi wanalijua hili. Wangebadilisha kabla hawajakunja ngazi yao.

Mwisho washa mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri. Siku ya pili baada ya mimi kubadilisha neno la siri, mtoto wa jirani alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Shikamoo baba. Intaneti imekata."

"Marahaba. Unasoma nini?"

"Kemia. Mtihani wa kidato cha nne wiki ijayo."

Nikampa neno la siri la wageni.