Sifa za Tabo, Mwenye Haya Kuliko Wote

Watu wamesifu meli, treni, farasi na hata punda. Madereva wa masafa marefu huandika kwenye bodi za malori yao majina ya mama zao, ya mitume na ya timu za mpira. Sijaona bodi hata moja iliyoandikwa sifa za tabo. Ukimya huo ni dhuluma, na ninayeikomesha leo ni mtu mwenye haki ya kusema, kwa kuwa tabo ya lori langu imekwisha kunilia fedha, usingizi na kipande cha ndoa.

Tuanze na nasaba, kama adabu inavyotaka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1905, na tangu hapo ukoo huu umekuwa ukiishi kwa kula moshi. Injini ikishachoma dizeli na kutema mabaki, tabo huyapokea yale mabaki ya moto, yakazungusha gurudumu lenye mapanga upande mmoja wa shafti, na upande wa pili mapanga mengine yakavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, bega kwa bega na joto la nyuzi 600 na kuendelea, ikiwa imeegemea utando mwembamba wa oili basi. Mheshimiwa gani amewahi kufanya kazi ya namna hiyo kwa posho ya moshi?

Fadhila zake ndogo nazitaja kwa kupita. Ni mwanamuziki, kwani ikianza kuugua hupiga filimbi mchana kutwa bila kiingilio. Ni mwajiri, kwani gereji nzima za Dar es Salaam zinalisha watoto kwa ajili yake. Inahamasisha sala pia. Hayo yatosha.

Fadhila iliyo juu ya zote ni haya. Tabo yangu ina haya ya mwali aliyetoka mikononi mwa somo wake: haivui shela mbele ya mgeni. Pale Mlima Kitonga, barabara inapoiacha Ruaha Mbuyuni na kuanza kujipinda kuelekea Ilula, lori likiwa na tani 28 mgongoni, mbele ya dereva na utingo wake ambao ni watu wa nyumbani, hapo hujifunua yote. Nguvu zinakatika, moshi mweusi unafunika kona nzima, filimbi inageuka king'ora, na dereva anashusha gia mpaka anapitwa na mtu anayesukuma baiskeli ya mkaa. Lakini lori likifika Dar, tupu, limeoshwa, likaegeshwa mbele ya ofisi ya yadi iliyoniuzia, tabo hujitanda gubigubi. Fundi wa yadi anakanyaga mafuta mara mbili, injini inanguruma kwa sauti nzito na safi, naye anafuta mikono ambayo haijachafuka. "Bosi, gari liko poa."

Wala hasemi uongo, na huo ndio utukufu wenyewe wa haya hii. Injini isiyo na mzigo haitoi moshi mwingi na moto wa kuizungusha tabo kwa ukali, kwa hiyo hakuna presha ya hewa ya maana, na pasipo presha hakuna kinachovuja wala kinachopungua. Mpira wenye ufa unafumba mdomo. Mashine ya kusoma hitilafu inachomekwa na kukaa kimya. Tabo haijawahi kutoa siri ya nyumba ndani ya uzio wa yadi ile. Haijawahi hata kukohoa. Inatoka getini imetulia, inakwenda kupakia, na baada ya mzani wa Vigwaza inaanza kunong'ona. Mikumi inaguna. Kitonga inalia. Ningependekeza ifundishwe unyagoni, na wale wanaolalamika kwamba maadili yameporomoka wapelekwe kwa basi kuitazama, ila tatizo ni kwamba wakifika wageni haitaonyesha kitu.

Huvumilia pia kusingiziwa. Lori likikosa nguvu, kila mpita njia atasema tabo imekufa. Fundi wangu, mzee asiyependa kubahatisha, hakuigusa mpaka alipomaliza kuwahoji washukiwa wengine. Alitoa chujio la hewa akalitazama kwenye mwanga. Akapitia mipira na klempu moja moja, akaziba intakula, kile kipoza hewa ya tabo, na kuijaza upepo huku akiipaka povu la sabuni aone panapobubujika, akatafuta masizi kwenye gasketi ya ekzosi. Moshi mweusi, aliniambia, maana yake hewa imepungua, na njia za hewa kupungua ni nyingi. Ukianza kuona wa bluu, ni oili inayoungua, hapo ndipo uitazame tabo kwa jicho baya. Tulishauona wa bluu. Akachomoa mpira wa mbele, akaishika shafti kwa vidole. Ilikuwa inacheza. Kucheza kidogo juu na chini si kosa, kwa sababu inaelea kwenye oili, lakini hii ilikuwa ikienda mbele na nyuma, na mapanga yalikuwa yameshaanza kulamba ukuta. Bomba la kurudishia oili lilikuwa limejaa tope jeusi.

"Tabo huwa haijifii, inauawa," alisema. "Hii wameiua kwa oili chafu. Na ukifunga mpya bila kusafisha hii njia, mzee, nayo utaizika."

Stika ya sevisi bado ilikuwa inang'aa mlangoni kwa dereva, ikitangaza kwamba oili ilibadilishwa kabla lori halijauzwa.

Hapa sifa zinanikwama kooni, naomba radhi. Waranti yangu ilikuwa karatasi moja: miezi mitatu au kilomita 10,000, kitakachotangulia. Kutoka Dar hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi. Piga hesabu: safari tano na ushei za kwenda na kurudi, na waranti ya lori la biashara imekwisha, labda uliegeshe nyumbani ulifugie kuku. Karatasi hiyo inamtaka mnunuzi athibitishe ubovu. Mistari michache chini yake inasema fundi wa nje akigusa injini, waranti imekufa. Kwa hiyo anayethibitisha ameiua, na asiyethibitisha hana dai. Ni nani aliyekaa chini akaandika hivi, na alilala vizuri usiku ule? Halafu kuna "vitu vinavyochakaa", orodha ambayo haijaandikwa popote na ambayo hurefuka kila unapotaja kitu. Tabo inachakaa. Mipira inachakaa. Nikauliza injini yenyewe je, nikaambiwa inategemea. Likaisha hilo, ikafika zamu ya dereva: eti amekuwa akizima injini ikiwa na moto wa mlimani, bila kuiacha ingurume taratibu dakika chache, oili ikaungulia kwenye beringi. Ni kweli jambo hilo linaua tabo. Ila lile tope lilikuwa na umri mkubwa kuliko ajira ya dereva wangu.

Nikapeleka video ya Kitonga, tarehe inaonekana, geji ya presha imelala wakati mguu wa dereva umefika sakafuni. Nikapeleka risiti za oili ya kuongezea. Nikapeleka barua, maana yadi huhesabu kuanzia siku wanapopata nafasi ya kukutazama, si siku uliyolalamika, na nilitaka muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yangu kabla muda haujakata. Dada wa mapokezi, mpole kupita kiasi, akasema muhuri anao meneja, na meneja yuko bandarini anatoa magari. Nikarudi, yuko bandarini. Nikapiga simu, bandarini. Meli zinakuja na kuondoka, na yeye hajawahi kuonekana ndani ya uzio wake. Hapo nikatambua kwamba nimekuwa nikiimwagia tabo sifa za mtu mwingine. Yeye ndiye mwenye haya.

Muda ulipokata, haya ikamtoka. Nilimkuta mezani, shati limepigwa pasi, muhuri uko mkononi. Akanikaribisha kiti, akaagiza soda, akasikitika kwa dhati kuhusu tabo yangu.

"Sasa mzee wangu, kwa vile wewe ni mteja wetu," akasema, "nina tabo safi hapa, imetumika kidogo tu Ulaya. Nitakufanyia bei."

Nikamuuliza waranti yake ni ya muda gani.

"Hii? Mpaka getini."