Namna ya Kukata Bolti Bila Kuchelewa

Mbalamwezi imewaka, wavuvi wa dagaa wamepumzika, mitumbwi imevutwa nchi kavu. Huu ndio wakati mwafaka wa kuharibu mashine. Yako ni ya HP 40, haitemi maji ya kupoza, na kila mpita njia hapa mwaloni Kirumba ameshakwambia ni impela. Kuifikia, sharti ushushe mguu wa mashine, nao umeshikwa na bolti chache tu. Zote zitafunguka kwa amani isipokuwa moja. Mwongozo huu unaihusu hiyo.

Anza kwa kuamini kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo bolti haiwezi kuganda. Ya Bahari ya Hindi hula haraka zaidi, ni kweli. Lakini bolti ya stenlesi ndani ya bodi ya aluminiamu, ikishalowa, ni betri kamili: stenlesi inabaki inang'aa, aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe unaovimba kati ya meno mpaka bolti na bodi vinakuwa kitu kimoja. Ukiuona unga huo umechungulia chini ya kichwa cha bolti, ufute kwa tambara usije ukakutia mawazo.

Sasa spana. Kichwa ni cha 12, lakini ya 12 imeazimwa, basi chukua spana malaya, hiyo haina ubaguzi. Ikiteleza mara mbili tatu na kulamba pembe, hamia kwenye koleo la bomba, chomeka na bomba refu kwenye mpini, kisha mwite kijana mwenye kifua. Utasikia "tak!" na bolti italegea ghafla. Watazamaji watashangilia. Waache, kichwa kimebaki mkononi, mwili umebaki ndani.

Kuna wazee wa kazi watakaotaka kukuharibia starehe hii. Mmoja akija, mpe shikamoo, lakini usimsikilize.

"Marahaba, mwanangu. Uliitia mafuta ya kupenyeza tangu jana?"

Hukuitia. Ataendelea: gonga kichwa kwa nyundo ndogo, ondoa tangi la petroli lifike mbali, ndipo upashe moto bodi, siyo bolti. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na huishinda hata stenlesi, kwa hiyo tundu hulegea. Shida ni kwamba aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya. Ikifika nyuzi 660 inayeyuka tu. Ndiyo maana mzee anatembea na kipande cha sabuni ya mche. Anachora mstari kwenye bodi, anazungusha moto polepole, na mstari ukianza kuwa kahawia anaondoa moto mara moja. Mara nyingi hafiki hata huko. Tone la maji likichemka juu ya bodi, anajaribu kwanza. Halafu kituko: anakaza kidogo kabla ya kufungua. Bolti inalia "kriii", anarudi nyuma robo, anakaza tena, anatia mafuta, anarudi nyuma. Saa nzima kwa bolti moja! Na wewe unataka kuwahi kurudi Ukerewe.

Fundi Maiko wa hapa mwaloni hana mambo hayo. Bolti ikimkatikia, anatoboa kwa drili upande upande, anaingiza ekstrakta ya bei poa, nayo inavunjikia humo humo. Ekstrakta ni ngumu kuliko drili yake, haitoboki. Hapo unabeba mguu wote kwenda kwa wenye mashine ya kukereza vyuma, au kwa mnunuzi wa skrepa, anayepima aluminiamu kwa kilo na hana maswali mengi.

Ukijaliwa kupata bolti mpya, usipake grisi ya boti kwenye meno yake. Irudishe kavu, kaza mpaka mishipa ya shingo itoke. Mafundi wa mwaloni nao wana ada za watoto za kulipa.